Jumamosi Gaspar Hakukagua Banda

Mwaka 1951, zilipokuwa zikijengwa nyumba za kupangisha kule Temeke, mie ndiye niliyekuwa nawauzia wajenzi mchanga. Nyapara wao, Gaspar, Mhaya, ndiye mtu pekee aliyewahi kunishinda kwa bei. Nilimheshimu kwa hilo.

Kila Jumamosi aliwakusanya wakuu wa magenge ya mafundi kupanga kazi ya wiki inayofuata. Kila mmoja alikuja na kipande cha vifaa vyake kama mfano: mwashi tofali, mpaka rangi kopo la chokaa. Kisha Gaspar alikwenda mwenyewe kuona shehena yote. Asichokiona hakukiandika ubaoni.

Wiki moja alikuwa na nyumba sita za kuinua. Tajiri, Bwana Muhdhar, alikuwa amemwahidi: kuta zikifika lenta, juu ya milango, ifikapo Ijumaa, safu inayofuata, nyumba kumi na mbili, ataisimamia Gaspar.

Kikaoni Jumamosi, Adelard, mkuu wa maseremala, akaweka chini kipande cha mvule. "Miimo ya milango tayari yote, kaka. Imo bandani."

Kondo, mwashi, akacheka. "Twende tukaione basi. Au ni bibi harusi, imefungiwa ndani?"

Gaspar akaona haya. Adelard alikuwa baba wa ubatizo wa mwanawe. "Huyu simkagui," akasema, akaandika.

Jumatatu waashi ishirini walisimama na miko mikononi, maana ukuta hauinuki kabla mwimo haujasimamishwa. Bandani mlikuwa na miimo minne. Adelard alionekana Jumatano, eti mbao zimechelewa.

Ijumaa kuta zilikuwa kiunoni. Muhdhar akauliza, "Nani aliandika miimo tayari?"

"Mie, Bwana," Gaspar akasema.

"Uliiona?"

"Nilimwambia aje akague," Adelard akadakia, "akakataa."

"Muongo we!" Kondo akafoka.

Muhdhar hakutaka ugomvi, na nyapara asiyekagua hakumtaka tena. Nyumba kumi na mbili akampa Adelard azisimamie.

Nilikuwa getini na tela langu Gaspar na Adelard walipotoka.

"Tangu lini ulipanga kuichukua kazi yangu?" Gaspar aliuliza.

"Mwezi uliopita. Ningekuomba, ungenipa?"

"Nisingekupa."

"Basi, kaka."

Gaspar akapata uashi wa kutwa Kinondoni. Jumapili Adelard alikwenda kwake na ratili mbili za sukari ya mtoto wake wa ubatizo. Benedicta, mke wa Gaspar, aliipokea, akashukuru, akafunga mlango. Mumewe alikuwa ndani, anasikia. Sukari hawakuirudisha, watoto walikuwa wanne.