Kisanduku cha Hapana

Nikisema nilisalitiwa najiuliza kama nina haki, maana sahihi iliyo kwenye ile fomu ya bima ni yangu. Wacha niandike vile ilivyokuwa.

Mchana nilikuwa nimeajiriwa kushona kwa tajiri mmoja Parklands, Nairobi. Jioni nilishona kazi zangu kwenye chumba nilichopanga Dagoretti, kwa cherehani ya umeme niliyoinunua polepole. Hiyo ndiyo ingenitoa kwenye kazi ya kuajiriwa nifungue kibanda changu. Kwa hivyo ajenti wa bima, kijana tuliyeimba naye besi kanisani, aliponiambia hata mpangaji anaweza kukatia vitu vyake bima, nilimwita kwangu wiki hiyo hiyo.

Fomu aliijaza yeye. Ilikuwa ya Kiingereza, na changu kiliishia darasa la saba. Akiwa katikati, jirani yangu anayeuza mboga getini akachungulia.

"Fundi, kesho ni siku ya maji. Niachie ufunguo, ama unataka kuoga na mate?"

Ajenti alicheka mpaka kalamu ikamwanguka. Kwenye ploti yetu maji ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, yalikuja mchana, mara mbili kwa wiki, na huyo mama ndiye aliyetujazia mitungi sisi tulioenda kazini. Nikampa ufunguo, ajenti akiona.

Miezi michache baadaye nilirudi nikakuta kufuli imefungwa vizuri, na ndani cherehani hakuna. Jirani alilia. Alikuwa ameutundika ufunguo kwenye msumari wa kibanda chake, mtu akauchukua akaurudisha. Mkaguzi wa bima alipokuja, jirani alimweleza hivyo hivyo. Ningeweza kumwomba anyamaze. Sikumwomba.

Nikaitwa ofisini, mjini. Karani, mama mpole, alinigeuzia fomu akanionyesha swali: je, kuna mtu mwingine anayeshika ufunguo? Kisanduku cha "Hapana" kilikuwa na alama.

"Lakini ajenti alikuwepo," nikasema. "Aliniona nikiutoa."

Akatoa karatasi nyingine, barua ya ajenti kwa mwandiko ule ule, akanisomea kwa Kiswahili, taratibu: mteja alinihakikishia kwamba funguo zote anazo mwenyewe. Kwa hivyo, akasema, hawatalipa.

Jumapili nilimngoja ajenti nje ya kanisa, kabla ya mazoezi ya kwaya.

"Fundi wangu, ningeandika ndiyo wangekukataa," akasema. "Nilikuwa nakusaidia."

"Na hiyo barua?"

"Ningefutwa. Mtoto wangu hata hajaanza kukaa."

Ni kweli, alikuwa na mtoto mchanga. Na mimi pia nimewahi kunyamaza, mwenzangu akalaumiwa kwa kitambaa nilichokikata vibaya mimi. Kwa hivyo sikupaza sauti.

"Uliniona nikimpa?"

"Nilikuona."

"Basi waambie hivyo tu."

Ndani wakaanza kuita besi, akaingia. Kupitia dirishani nilimwona akisogea kidogo, akiniachia nafasi yangu kando yake, kama kawaida. Hapo ndipo nilipoumia zaidi, kuliko pale ofisini.

Jumatatu nilienda kwa tajiri wa Parklands. Nilikuwa nimeshamwambia naondoka mwisho wa mwezi. Nikamwambia nimebadilisha mawazo.

"Bima yako imekataa?" akauliza.

Nikasema mimi ndiye niliyetia sahihi bila kusoma. Akanisukumia rundo la suruali za shule, nikaanza na ya juu.