Bi Kioo na Meno Yaliyolika Kabla ya Wakati

Saa mbili na ushei asubuhi, Bi Kioo anapanua kinywa chake mwenyewe mpaka mwisho, kisha anamkabidhi mgonjwa kioo kidogo chenye mpini.

"Haya daktari, anza wewe. Nikague."

Mgonjwa ana miaka mitano na nusu. Anapiga magoti juu ya kiti kirefu, anafinya jicho moja, anachungulia huku na huku bila haraka.

"Bi Kioo, hapa kuna shimo."

"Hilo pengo, mwanangu. Endelea."

"Na haya ya nyuma yako bapa."

"Umeshaanza kunisema. Lete kioo, sasa zamu yangu."

Ndivyo anavyoanza na kila mgonjwa tabibu huyu wa meno ya watoto. Jina lake la kwenye kitambulisho hata mhudumu wa mapokezi hulikumbuka kwa shida. Watoto walimbandika hili la Bi Kioo, naye akalipokea kwa mikono miwili.

Chumba chake si kikubwa: kiti, taa yenye shingo ndefu, sinki, na rafu iliyojaa vipande vya mpira wa bluu. Kila kipande ni kalibu. Mpira ukiwa bado laini hukandikwa juu ya meno ya mtoto, ukikauka unabeba umbo lake, kisha hukatwa katikati kwa wembe ili ndani paonekane. Mtoto akirudi baada ya miezi kadhaa, kalibu huvalishwa jino lilelile. Likiwa vilevile, vinakumbatiana. Likiwa limezidi kulika, mwanga unapenya katikati.

Leo inavalishwa ya binti huyu, na watu wazima wawili waliokaa kwenye benchi la ukutani, mama yake na bibi mzaa baba, wanaikodolea macho. Wanajua kinachongojewa. Mwanga ukipenya, mtoto atalazwa kwa dawa ya usingizi, magego yake yavikwe vifuniko vya chuma.

Mara ya kwanza walipokuja, miezi sita iliyopita, walikuja wakigombana.

"Mkwe wangu alikuwa ameshatoa hukumu," anasimulia mama. "Eti mtoto anaiba vitu vichachu, na mimi namfumbia macho."

"Sikusema vitu. Nilisema ndimu," bibi anarekebisha.

Bibi huyu hapendi kazi nusu. Alichukua kikapu cha ndimu jikoni akakifungia kwenye kabati lake la nguo. Kila jioni akamwita mjukuu wake amsogelee, amnuse kinywa, amuulize leo amelamba ngapi. Mtoto akisema hajalamba hata moja, anaambiwa mwongo ndiye huyo.

"Nguo zake zote zikanuka ndimu," mama anasema, akijizuia kucheka. "Wageni wakadhani amenunua manukato."

Bi Kioo naye nusura akosee siku ile. Wengi wanaoletwa kwake meno yamelika husaga meno usingizini, na kwa huyu alikuwa ameshafungua kinywa aseme hivyohivyo. Akajizuia. Akamwambia mtoto atafune kama mbuzi, taya kushoto, taya kulia.

"Anayesaga, meno yake ya juu na ya chini yanalika mahali yanapokutana mpaka yanakuwa bapa, kama sufuria na mfuniko wake," anaeleza. "Ya huyu hayakukutana. Magego yamechimbika vishimo kama vijiko. Nikageuza kioo nitazame ya mbele kwa nyuma, upande wa ulimi. Laini, kama kipande cha sabuni kilichosahaulika kwenye maji."

Upande wa nje, ambako mlamba ndimu angeumia kwanza, meno yalikuwa mazima.

Ndipo akawaacha watu wazima na ndimu zao, akamgeukia mwenye meno.

"Mwanangu, ukilala unaonja nini?"

"Maji machungu. Yanapanda, nayameza."

"Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia bibi. Akasema ndiyo hizo ndimu."

Bi Kioo akawapeleka yeye mwenyewe kwa daktari wa watoto, mlango wa tatu, na daktari akathibitisha baada ya vipimo: asidi ya tumbo ilikuwa ikipanda mtoto akilala, ikiyaosha meno usiku kucha. Akaandikiwa dawa. Chakula cha jioni kikasogezwa mapema. Miguu ya kitanda upande wa kichwa ikawekewa matofali, na aliyeyabeba matofali hayo ni bibi. Bi Kioo akaongeza lake: maji machungu yakipanda, sukutua kwa maji, usikimbilie mswaki papo hapo.

Sasa taa inashushwa. Kalibu inaingia, inasukumwa kwa kidole gumba. Bi Kioo anainama, anatazama upande huu, anahamia upande wa pili. Anaitoa, anaifuta, anairudisha tena.

"Mama, sogea," anasema hatimaye. "Na wewe bibi mtu, usijifiche. Mnaona mwanga?"

Wanainama wote wawili, vichwa vikigongana.

"Sioni," anasema mama.

"Sioni kitu," anasema bibi.

"Basi hakuna. Jino limekaa pale pale tulipoliacha."

Mama anakaa chini kama aliyetua mzigo. Bibi anabaki amesimama, mkono wake begani kwa mjukuu.

"Nilikwambia, bibi," mtoto anasema.

"Uliniambia, mke mwenza. Sikukusikia." Anafungua pindo la khanga, anatoa ufunguo. "Leo kikapu kinarudi jikoni, na ufunguo wa kabati utautunza wewe."

Bi Kioo anairudisha kalibu mahali pake rafuni. Watakutana tena baada ya miezi mingine sita. Meno yaliyolika hayakui tena, anasema, lakini yakiachwa kwa amani yanaweza kumfikisha mwenyewe mpaka ya ukubwani yaote. Hilo ndilo analolitamani.

"Meno naletewa kila siku, lakini ni yale yaliyovunjika, yaliyooza, yaliyong'olewa," anasema. "Nataka la mbele la huyu litikisike lenyewe, lianguke lenyewe, aniletee mkononi. Nilione jino lililomaliza kazi yake."

Mtoto ameshashuka kwenye kiti, anavaa ndala.

"Nitakuletea," anasema. "Lakini na wewe, Bi Kioo, uache kusaga meno usiku."