Ripoti Niliyowasomea Mafundi wa Muyinga

Jamani, hii nawaambia nyinyi tu, maana mama yangu mpaka leo anajua kwamba staji yangu, yaani mafunzo ya kazi, kwa mbunge ilikwisha salama. Salama gani! Ilikwisha nimesimama sokoni Muyinga, kwenye viatu vya kuazima, nazomewa na mafundi cherehani.

Nasoma Gitega (nimekulia Tanzania, tulirudi Burundi nikiwa msichana mkubwa, ndiyo maana Kiswahili changu kinanitangulia), na kwa sababu ya hicho Kiswahili mheshimiwa akanituma Muyinga niwaulize mafundi kama wanakubali kuhamishwa sokoni ili pajengwe stoo. Nikauliza siku tatu nzima, hakukubali hata mmoja! Mama Zaituni, mshonaji wa magauni ya harusi, alinisimamia niandike neno kwa neno huku akinilisha sambusa: "Andika, mi siendi kokote. Wateja wanajua mi iko hapa."

Nikarudi Gitega, nikakabidhi kurasa nilizonakili kutoka daftarini, na katibu wa mheshimiwa, bwana mmoja wa haraka haraka, akaniletea karatasi tupu. "Weka sahihi hapa chini, mengine nitachapa mwenyewe." Nami, kwa ile furaha ya kuona jina langu kwenye ripoti ya mbunge, nikasaini. Mjinga wa mwisho!

Wiki iliyofuata tukaenda Muyinga kwenye mkutano, mheshimiwa akanipa kipaza sauti na ripoti, akasema, "Binti huyu amewasikiliza, atawasomea maneno yenu." Nikasimama kwa madaha (nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya kioo), nikasoma kama mtangazaji wa redio: "Mafundi wote wamekubali kuhama, tena wanamshukuru mheshimiwa..." Mdomo ulishafika, akili bado iko njiani.

"Oya! Oya!" mafundi wakakataa kwa kelele, ndiyo "hapana" ya Kirundi. Mama Zaituni akasimama.

"We mtoto, mi nilikuambia hivyo siku gani? Umekula sambusa zangu, ukaenda kuniuza?"

Nikamgeukia mheshimiwa anitetee. Mnajua alifanya nini? Alicheka! Akaninyang'anya kipaza sauti: "Pardon, wazazi wangu, wanafunzi wa siku hizi hawajui hata kuandika wanachoambiwa."

Mimi! Niliyezunguka soko zima mpaka miguu ikavimba! Hasira ikanipanda, nikampokonya kipaza sauti, nikatoa daftari mkobani, nikaanza kusoma yale ya kweli, watu wake wakakizima, nikasoma kwa kupiga kelele, kisigino cha kiatu kikakatika, nikaendelea hivyo hivyo nimelala upande mmoja, watu wakacheka, halafu wakasikiliza.

Gari la mheshimiwa liliniacha huko huko. Mafundi bado wapo sokoni, hilo linanipoza kidogo, lakini cheti cha staji sikupata, na karatasi tupu sisaini tena hata aniombe nani. Sasa mwalimu wangu anasema nimwandikie mheshimiwa barua ya kuomba msamaha ili mambo yaishe. Nimeandika, kurasa mbili, kila neno limetoka moyoni.

Nimempelekea Mama Zaituni.