Maneno Arobaini ya Zima-Washa

Jina lake la kweli lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani walimwita Zima-Washa. Mpigie umwambie kompyuta imeganda, atakuuliza: umezima ukawasha? Mwambie imekuwa nzito, inachukua robo saa kuamka: umezima ukawasha? Katika nyumba kumi, saba zilipona kwa dawa hiyo hiyo, naye akanywa chai, akachukua chake, akaondoka bila hata kufungua zipu ya begi. Tatu zilizobaki alizishughulikia kwelikweli. Alisafisha feni kwa brashi ya rangi, akachomoa vijiti vya kumbukumbu, akavisugua meno kwa kifutio cha shule mpaka vikang'aa, akavirudisha. Mashine ikalia mara moja, mwenye nyumba akatabasamu. Alikuwa fundi mzuri. Tuliseme hilo mapema, maana huko mbele hatutapata nafasi.

Aliyemlipia kozi ya kompyuta ni Shangazi, dada wa marehemu baba yake, mjane mwenye nyumba ya vyumba sita na kompyuta moja sebuleni, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama vile ina aibu. Ndiye alikuwa mteja wake wa kwanza. Siku moja alimwita kwa sababu ya barua taka. Kila asubuhi alipofungua sanduku lake la barua pepe alikuta ameshinda bahati nasibu ambayo hakuicheza, benki ambayo hakuwa na akaunti nayo inamtaka neno la siri, na mjane wa jenerali fulani anatafuta mtu mwaminifu wa kumhifadhia dhahabu.

Zima-Washa akamfundisha. Usibonyeze kiungo usichokijua. Benki haiulizi neno la siri, hata siku moja. Soma anuani ya mtumaji herufi kwa herufi. Na kubwa kuliko yote: mtu unayemfahamu akikuandikia ghafla kwamba yuko hospitali, simu yake imeharibika, anahitaji msaada haraka, huyo si yeye. Kisha akaketi, akamtengenezea kichujio. Aliorodhesha maneno arobaini ambayo tapeli hawezi kuishi bila hayo: msaada, haraka, naomba, tafadhali, ndugu, shida, mgonjwa, hospitali, ajali, damu, na mengine ya ukoo huo. Barua yoyote yenye neno mojawapo ilikwenda takataka yenyewe, bila kubisha hodi.

Wiki mbili baadaye Shangazi alimwita tena, safari hii amejipaka wanja. Sanduku lilikuwa safi. Hata watu wa kwao, alisema, walikuwa wameacha kumwomba. Zima-Washa akamweleza kwamba pengine hawakuacha, pengine barua zao zinaishia takatakani pamoja na za jenerali, na kwamba angeweza kulegeza kidogo. Shangazi alimshika mkono uliokuwa juu ya kipanya.

"Acha hivyo hivyo. Wezi nimewazoea, mwanangu. Wezi angalau hawaniiti shangazi."

Zima-Washa alicheka mpaka chai ikampalia. Hakujua kwamba pale pale ameokota mgodi. Shangazi aliwasimulia marafiki zake, marafiki wakawasimulia waume zao, na kabla ya mwaka kwisha nyumba zaidi ya thelathini zilikuwa na maneno arobaini. Hadharani waliyaita kinga ya barua taka. Faraghani walimtolea vikaratasi vyenye anuani za mashemeji, wapwa na mama wakwe, wakaenda kusimama dirishani kama watu wanaotazama hali ya hewa huku yeye akizichapa. Hakuuliza. Daktari haulizi ulimpata wapi huyo kunguni.

Mtu mmoja tu aliwahi kumsumbua. Mtoto wa baba yake mdogo, dada yake kwa hesabu yoyote ya ukoo, alikuwa anafanya usafi katika ofisi moja upande wa pili wa mji na kulea pacha peke yake; wote walimwita Mama Pacha. Aliandikia barua zake kwenye kompyuta ya ofisini kabla wenye viti hawajafika. Barua yake kwa Shangazi ilipita kichujio bila kuguswa, kwa sababu mwanamke yule hakujua kuomba. Alisimulia tu: pacha wana homa siku ya tano, wanashika masikio, mmoja akilia mwingine naye analia. Shangazi aliisoma, akaudhika kwamba imefika, akamwita fundi. Zima-Washa alisita kwa muda wa funda moja la chai. Kisha akaichapa anuani ya dada yake kwenye orodha ya waliozuiwa, akazima, akawasha.

Jumatatu moja alipanda paa la mteja kuvuta waya wa intaneti. Bati likasalimu amri. Alianguka na kuvunjika paja, tena akaiangukia simu yake, ikawa unga. Yeye aliyewahubiria watu kila siku watunze nakala, namba zake zote zilikuwa ndani ya simu ile tu. Mteja alimpeleka hospitali, akamwandikisha kwa karani, akarudi haraka kuangalia bati.

Daktari wa mifupa alimweleza hali ilivyo. Mfupa unataka chuma. Yeye anaondoka Ijumaa mchana na hatarudi kabla ya miezi miwili. Benki ya damu ni kavu, kwa hiyo kila anayepasuliwa alete watu wawili wa kutoa damu, kundi lolote, itabadilishwa. Wasipopatikana, mguu utafungwa uzito na kuachwa ujiunge wenyewe, na miguu ikiachwa ijiunge yenyewe hujiunga inavyotaka.

Watu wawili! Zima-Washa alikaribia kucheka. Nyumba thelathini zilikunywa chai yake, au yeye alikunywa chai zao, vyovyote. Namba za simu hakuwa nazo kichwani, lakini anuani zao zote alizijua kama majina ya vidole vyake, kwa kuwa ni yeye aliyezifungua. Kilichokosekana ni kompyuta, na karani wa wodi alikuwa nayo, kompyuta mpakato iliyojaa matangazo hadi haikuonekana fomu za wagonjwa. Alikuwa amebonyeza mahali palipoandikwa kwamba ameshinda jokofu. Zima-Washa, akiwa chali, mguu juu ya mito, aliiweka kifuani, akafuta programu saba zilizojipachika, akafunga mlango wa matangazo, akazima, akawasha. Ikaamka kama mtoto. Karani akamruhusu kuitumia kila alasiri.

Aliandika kwa pupa, maumivu yakimsukuma vidole. Ndugu zangu, nimepata ajali, niko hospitali, simu imevunjika, naomba msaada wa damu haraka kabla ya Ijumaa. Akaituma kwa nyumba zote thelathini na ukoo mzima, akalala kama mtu aliyekwisha kuokolewa.

Jumanne asubuhi alikuja mtu mmoja. Mama Pacha, bado na aproni ya kazi chini ya koti. Yeye peke yake, kati ya wote walioandikiwa, hakuwa na kichujio, nani angempa? Alikwisha kupita maabara, pamba imebanwa kwenye kiwiko, na amemletea machungwa manne.

Alimweleza habari za nyumbani bila kuulizwa sana. Ile homa ya pacha ilishuka masikioni. Mmoja alipona. Mwingine sikio la kulia halisikii tena, akiitwa anageuka upande usio wake, na wenzake wamelifanya mchezo. Alisimulia hivyo hivyo, kavu, kama anavyoandika.

"Kaka, Shangazi hajambo?" aliuliza mwishoni.

"Hajambo. Ana mambo mengi."

"Nilimwandikia mara nne. Nadhani kuna mahali nilimkosea." Akaokota ganda la chungwa kitandani, akalitia mfukoni. "Nimpitie nyumbani kwake nimwambie hali yako? Kwenda bila kuitwa ninaona haya, lakini kwa ajili yako nitakwenda."

Hapa ndipo mguu wa Zima-Washa ulipoamuliwa, na si na daktari. Aliuona kichwani mlango wa Shangazi ukifunguliwa, akamsikia, maana Shangazi akibanwa humsukumia lawama aliye karibu: muulize kaka yako, ndiye aliyekuzuia kwa mkono wake. Alimtazama dada yake na pamba yake.

"Usijisumbue, dada," alisema. "Nimeshamwandikia."

Mama Pacha aliondoka kurudi kazini. Chupa moja kati ya mbili.

Ni alasiri ya siku hiyo, akifungua kompyuta ya karani na kukuta sanduku tupu, ndipo alipoisoma barua yake mwenyewe kwa jicho la fundi. Alihesabu. Katika mistari miwili alikuwa amepanga maneno saba kati ya arobaini. Kama kungekuwa na tapeli anayeandika vizuri hivyo, angemvulia kofia. Barua ilikuwa takatakani katika nyumba thelathini, kazi safi, kazi yake.

Jumatano akajaribu kuandika bila hayo maneno. Hebu jaribu na wewe. Usiseme mgonjwa, usiseme damu, usiseme naomba. Alifuta, akaandika, akafuta. Angeweza kusimulia tu, kama dada yake, lakini hakuwahi kujifunza kusimulia jambo lake kwa mtu bila kumuuzia kitu. Kufika saa kumi barua ilikuwa hivi:

"Salamu kwa wateja wetu wote! Nipo jengo jeupe nyuma ya soko, ghorofa ya pili, nimelala vizuri. Fika kabla ya Ijumaa saa sita na mkono wako, wa kulia au wa kushoto, upendao. Haichukui dakika ishirini. Soda na biskuti bure. Nafasi imebaki moja tu!"

Hiyo ilipita. Ilifika nyumba zote thelathini bila kuguswa, ikafunguliwa na kusomwa.

Alhamisi akaja mmoja, afisa mstaafu wa forodha, amebeba begi kubwa tupu. Alidhani Zima-Washa anazindua duka. Alipoambiwa ni damu, alikumbuka kwamba ana presha, na pia miadi.

"Ungeandika wazi tu, fundi," alisema.

"Niliandika wazi Jumatatu."

"Hiyo sikuiona."

"Najua."

Kwenye meza ya watoaji damu alipita, akachukua biskuti mbili.

Ijumaa saa sita daktari wa mifupa alipanda gari. Zima-Washa alifungwa uzito wa mawe mguuni, akalala wiki tisa akitazama dari. Mguu ulijiunga ulivyotaka: mfupi kwa vidole viwili.

Miezi mitano baadaye, kwa simu mpya na gongo jipya, aliitwa na Shangazi. Kompyuta imekuwa nzito. Shangazi alitazama gongo, akatazama kiatu chenye soli mbili, akauliza kwa nini mtu haambiwi mambo.

"Niliandika, Shangazi."

"Wewe hukuandika. Kuna tapeli mmoja wa matangazo alitumia jina lako, anataka watu wampelekee mikono. Nilimzuia mwenyewe, kama ulivyonifundisha. Njoo uone."

Alikaa, mguu ameunyosha chini ya meza, akafungua orodha ya waliozuiwa. Ya kwanza ilikuwa anuani ya Mama Pacha. Chini yake, katikati ya mashemeji, ilikuwa yake mwenyewe. Kisha akafungua takataka, akaitafuta barua ya Jumatatu, akamgeuzia kioo. Shangazi alivaa miwani. Aliisoma taratibu hadi mwisho, akairudia. Alivua miwani, akaifuta kwa kanga.

"Basi kumbe inafanya kazi kweli," alisema.

Zima-Washa aliuliza kama anaweza kuiondoa anuani yake kwenye orodha. Shangazi alifikiri, kwa haki kabisa, akatikisa kichwa. "Iache, mwanangu. Leo umepona, kesho je? Nikikuhitaji nitakupigia." Akaketi karibu yake na sahani ya vitafunio. "Lakini ile ya pili ilipenya. Ongeza mkono. Na biskuti."

Akaongeza. Maneno yakawa arobaini na mawili. Akazima, akawasha, wakasubiri wote wawili kioo kiamke. Kwa kuwa alikuwa fundi mzuri, hakuondoka bila kujaribu: kwa anuani isiyozuiwa alituma barua ya jaribio yenye neno moja, mkono, akaifuata kwa macho mpaka ilipodondoka takatakani.

"Safi," alisema fundi, akanyoosha mkono wake kuchukua chai.