Mama Riziki na Kaseti ya Kifaransa

Wenzangu mliokulia kotas za askari, mnajua ninachosema. Wengine kaeni msikilize. Sisi pale Jinja tuliamshwa na tarumbeta, siyo kwa kubembelezwa. Tarumbeta ikilia, uwe umekunja mkeka na maji umechota. Mama aliuliza mara moja tu. Mara ya pili iliuliza fimbo. Uji wa mahindi bila sukari, miguu peku mpaka shule, na jioni tulicheza kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira, hadi vumbi likakaa kwenye meno. Nyumba moja ikikaanga mukene, wale dagaa wetu wa ziwa, kambi nzima ilimeza mate. Wajukuu zangu hapa Malukhu wakiona mukene wanaziba pua. Haya, wazibe. Zitabaki nyingi kwangu.

Kitu kimoja hatukufanya: kuongea ovyo. Baba yangu alikuwa sajini, na tukianza maneno ya serikali wakati wa kula ugali alisema, "Meza posho, halafu meza na hayo." Hakuwa anatania. Jirani yetu alisema neno moja tu kantini kuhusu wakubwa. Asubuhi yake godoro lao lilikuwa nje, watoto wamekaa juu yake, na sare ya baba yao imeshachukuliwa.

Basi Jumapili moja, baada ya kanisa, Baba akaleta kaseti ya video aliyoazimwa na dereva wa lori aliyetoka Zaire. Maandishi ya kasha yalikuwa Kifaransa, na Baba hakujua hata neno. Aliona mzungu amevaa vidude vya kusikilizia masikioni, akasema, "Hii ni ya muziki." Akaalika kambi yote ukumbini, akamwalika na mkuu wa kambi, Afande mwenyewe. Wa kututafsiria alikuwa Mama Riziki, mke wa koplo, mtu wa Zaire, mnene, kicheko chake kilisikika mpaka getini. Alisimama kando ya televisheni na mwiko mkononi kama mwalimu.

Wakubwa huchelewa, ndio ukubwa wenyewe. Tukaanza bila Afande. Wale wazungu walifunga midomo na maneno bado yanatoka, maana Kifaransa kilikuwa kimepachikwa tu juu yao. Mama Riziki akatuambia, "Huyu ni mtu wa serikali. Ametega waya kwenye nyumba za watu. Anasikiliza wanachosema hata kitandani, anapeleka kwa wakubwa, watu wanakamatwa."

Nikamtazama Baba. Jasho lilikuwa limelowesha kola yake yote. Aliinuka aende kuizima, na hapo hapo mlango ukafunguliwa.

"Afande!" Wote tukasimama.

Afande akaketi kiti cha mbele, akakunja nne. "Endelea, mama. Huyo wa vidude masikioni anafanya nini?"

Baba akafumba macho. Mimi nililiona godoro letu nje.

"Huyo, afande," Mama Riziki akasema, "ni baba mwenye binti. Binti anataka kutoroka na mwanaume. Baba anasikiliza."

"Baba mwenye akili," Afande akasema.

Likatokea gari jeusi, wakashuka wanaume wa suti.

"Hao ni wajomba, wameleta ng'ombe."

"Ng'ombe wako wapi?"

"Wanakuja kwa miguu, afande."

Mtu mmoja akapigwa risasi, akaanguka. "Huyo amezimia. Ametajiwa mahari." Wanawake wakapiga vigelegele kabla hajamaliza, maana kambi yote ilikuwa imeshaelewa kazi iliyopo. Mzungu akilia, sisi tunacheka. Mzungu akinong'ona, mama yangu anaitikia, "Amina!" Mwishoni askari wakamfunga yule mtu pingu, wakamburuta.

"Na huyu?"

"Bwana harusi, anapelekwa kanisani."

"Kwa pingu?"

"Wanaume wa kwao wanatoroka sana, afande."

Afande alicheka mpaka akavua kofia. Kisha akainuka, akasimama mbele ya Baba.

"Sajini."

"Afande!"

"Rudisha hiyo kaseti leo, jua likiwa juu. Mwambie mwenye nayo kwamba harusi ilikuwa nzuri."

Baba alikimbia nayo mjini bila kofia. Wiki nzima vyombo vyetu vilikaa vimefungwa kwenye shuka, tukisubiri kutolewa. Hakuja mtu. Jumapili iliyofuata Mama akafungua shuka, akarudisha sufuria mahali pake, akamkamata jogoo wake mkubwa akampelekea Mama Riziki. Alikuwa hajawahi kumpa mtu jogoo, hata padri.

Ukumbi ule ulijaa mpaka madirishani, na wote walisikia yale maneno ya mwanzo. Kambini aliyepeleka habari alipandishwa cheo. Hakuna aliyepeleka. Hata sisi watoto, tulioshindwa kuficha kipande cha gonja, ile ndizi ya kuchoma, tulifunga midomo. Ila tukicheza harusi, bwana harusi tulimfunga kamba mikononi.

Leo mjukuu wangu anayesoma pale Nabuyonga anaweka kwenye simu chakula alichokula, mvulana aliyemwacha, na homa yangu mimi ya jana. Wa kumtegea waya atapumzika, kazi anafanyiwa. Nikimkemea mimi bibi yake, ananiambia, "Kukhu, siku hizi hakuna siri."

Kweli, hakuna. Ana marafiki wengi ndani ya hiyo simu kuliko watu wa kambi yetu yote, na sina wivu. Namhurumia jambo moja tu. Hajawahi kubanana kwenye benchi na watu wote wanaomjua, kila mmoja ameshika ncha ya siri moja ili baba wa mtu asianguke, na huku wanacheka mpaka machozi.