Draiva ya Laptop ya Wafula

Kama unadhani nilikuwa nimelewa, mimi sinywi. Kama unadhani ni usingizi, ilikuwa saa tisa mchana, na kibanda changu cha kutengeneza kompyuta kiko Kibomet, Kitale, kando ya barabara, watu wakipita. Haya niliyaona kwa macho yangu, bana.

Mama mmoja wa Myanga aliniletea laptop kuukuu, inawaka kisha inakwama. Ilikuwa ya Wafula, mwanawe wa pekee, aliyekufa nyumba yao ilipoungua. Walikuwa ndio wametoka kumzika. Picha zake zote ziliteketea humo, kitambulisho pia. Zilibaki za kwenye laptop tu, kwa sababu aliiacha kwa chumba alichopanga hapa Kitale. Mama alitaka hata moja ya kukaa nayo.

Nikamwahidi nitaweka Windows upya bila kugusa picha. Lakini ilipofika mahali pa kuchagua diski, haikuona kitu. Ilitaka draiva, ile programu ndogo ya kuwezesha kompyuta kusoma diski. Na diski yenyewe imechomelewa kwa bodi, huwezi kuitoa. Nikatafuta mtandaoni, wapi. Nikaenda hadi Bungoma kwa mafundi wenzangu, wapi.

Kesho yake akaja kijana, kichwa kimenyolewa kipara. Akasema ametoka kwa mama wa Myanga, akanipa flash, ati draiva iko hapo. Sasa wewe ungeuliza nini? Kwetu familia ikizika hunyoa nywele. Nikajua huyu ni wa msiba, nikampa pole. Kulikuwa na baridi ya mvua, nikamsogezea kiti karibu na jiko. Akakataa, akasimama mlangoni.

Nikachomeka flash, diski ikaonekana papo hapo. Nilifurahi kama mtoto. Nilipotaka kuhamisha picha kwanza, akasema polepole:

"Futa yote. Mama ameshakubali."

Sikupiga hata simu. Nikafuta. Akachomoa flash yake, akaenda.

Mama alipokuja kuchukua laptop, nikamwambia mtu wake alinifikia. Akauliza mtu gani. Nikamweleza: mrefu, kovu juu ya nyusi, amenyolewa kichwa chote. Akaketi chini kwa simiti.

"Sisi hatujanyoa bado," akasema. "Kunyoa ni kesho. Wafula ndiye alitolewa kwa moto bila unywele."

Nilijaribu kila programu ya kurudisha faili, haikutoka hata picha moja. Mbona alitaka zifutwe? Sijui, na nikifikiria nakasirika naye, kwa maana aliyeumia ni mamake.

Mama hakunilaani. Afadhali angenilaani. Anakuja tu kila siku ya soko, anaketi, ananiomba nimweleze ule uso. Alikuwa amekonda? Moto ulikuwa umemharibu? Namwambia hapana, mama, uso ulikuwa mzima, na hapo ndipo anapumua. Lakini niamini, sura yenyewe imeanza kunipotea. Juzi nilimwambia pua ilikuwa nyembamba. Akasema labda ni kweli, hata yeye hakumbuki vizuri.

Wewe fundi unayesoma hii, ukitumwa kufuta kitu cha marehemu, mpigie mwenye msiba kwanza. Msikie kwa mdomo wake mwenyewe, hata kama aliyetumwa amesimama hapo akikungoja.