Mama Uzi Aacha Joho

Walimwita Mama Uzi kwa sababu hukumkuta bila uzi: kama si begani, basi mdomoni. Alikuwa fundi cherehani, mjane kwa miaka tisa, na majoho yote ya kwaya kanisani kwake yalikuwa kazi ya mikono yake.

Siku moja alikwenda kwenye ukumbi mmoja chakavu kuwapima nguo wanawake sita wa kikundi cha maigizo. Maigizo yao hayakuwa na maneno. Walisema kwa mwili tu, kuhusu yale waliyofundishwa tangu utotoni: kipi cha kufunika, kipi cha kuonea haya, na namna ya kutubu hata kwa kutamani. Msichana mmoja alipiga magoti, akiigiza mke anayesali huku mume anamwita chumbani. Mama Uzi akashindwa kunyamaza.

"Sivyo, mwanangu. Wewe unaanguka. Aliyezoea hushusha goti moja kwanza, na sikio linabaki mlangoni."

"Hebu tuonyeshe," alisema mkufunzi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza.

Mama Uzi akaweka chini tepu yake ya kupimia, akavua viatu, akaonyesha. Alipoinuka, yule msichana alikuwa anafuta macho.

"Sasa nguo atashona nani?" mkufunzi akacheka. "Maana wewe nimeshakuchukua."

Mwili wa miaka hamsini na mitatu haukukubali kirahisi. Wiki za kwanza alishuka ngazi kinyumenyume kama mtoto. Lakini kilichomshinda hasa ni kitendo kidogo tu cha kwenye igizo: kuupapasa mkono wake mwenyewe, taratibu, kutoka kiganjani mpaka begani. Kila akifika kwenye kiwiko, anaganda. Tangu mumewe afariki hakuna aliyemgusa pale, hata yeye mwenyewe, ila kwa sabuni.

Habari haina miguu lakini hutembea. Wifi yake, dada wa marehemu na mwenyekiti wa akina mama kanisani, akamfuata nyumbani.

"Wifi, unatutia aibu. Mwili wa mjane ni wa Mungu."

"Kama ni wake, wifi, nani kakwambia anauonea haya?"

"Mchungaji amesema uchague. Huko, au kwaya."

Kwaya alikuwa ameiimbia miaka ishirini. Alilia mpaka pua ikaziba, kisha akalipiga pasi joho lake, akalikunja, akalipeleka mwenyewe. Mchungaji akataka kumwombea. Mama Uzi akainamisha kichwa, akaitikia amina, akaenda mazoezini.

Onyesho lilikuwa Jumamosi alasiri. Alipoanza kuupapasa mkono, mtu akacheka. Wawili wakatoka. Yeye hakuharakisha. Vidole vilipita kiwiko, vikafika begani, vikatua hapo, na ukumbi ukatulia kama maji mtungini.

Wifi alikuwa anamsubiri nje, mtandio umemfunika nusu ya uso.

"Ile ya mkono ni dhambi."

"Mbona umekaa mpaka mwisho?"

Wifi akatazama pembeni. "Nilitaka kujua kama utafika begani."

Kwaya haikumrudisha. Jumapili anakaa benchi la nyuma na anaimba sauti yake ya pili kutoka huko huko, wala hakuna aliyethubutu kumnyamazisha. Mwezi uliofuata, wanakwaya wawili walichungulia mazoezini, wakidai wanapita tu.

"Karibuni," akawaambia. "Ila viatu viacheni mlangoni."